Kipande cha diski kilichotoka mgongoni mwangu hakionekani tena kwenye picha. Kimekwenda wapi?

1. Mpima_Ardhi

Wakuu, salaam. Ninazo picha mbili za MRI za mgongo wangu. Ya kwanza ilipigwa wiki ya sita baada ya kunyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50 tukiwa kazini Singida, na ya pili ilipigwa miezi kumi na mmoja baadaye. Nimezibandika zote mbili kwenye kioo cha dirisha la sebuleni ili zipate mwanga. Katika ile ya kwanza, kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, kuna ulimi wa kijivu uliotokeza na kuubana ule mstari mweupe wa maji ya uti wa mgongo, na ncha yake imeshuka nyuma ya pingili ya tano kama uji uliofurika ukingoni mwa sufuria. Katika ya pili ulimi huo haupo. Diski yenyewe imebaki nyembamba na nyeusi, lakini mstari mweupe umenyooka.

Sikufanyiwa upasuaji. Nilimeza dawa za maumivu, nikalala sakafuni majuma mawili nikidhani ndiyo tiba, kisha nikaanza kutembea kidogokidogo. Maswali yangu ni mawili. Kitu kilichokuwa kimetokeza kimekwenda wapi? Na kama kimeondoka, kwa nini kidole gumba cha mguu wa kushoto bado kina ganzi, kiasi kwamba kandambili huchopoka nami nikaendelea kutembea hatua tatu bila kujua?

2. Seremala_Keko

Pole sana mkuu. Kimerudi mahali pake, hakuna la ajabu. Mimi nilipopatwa na tatizo hilo nilipelekwa kwa mzee mmoja karibu na Bagamoyo anayekanda mifupa. Alinilaza kifudifudi juu ya mkeka, akanipaka mafuta ya nazi, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka nikasikia mlio wa "ko!". Nilifika kwake nimebebwa na vijana wawili, nikaondoka nikitembea mwenyewe. Yawezekana chako kilirudi usiku ulipojigeuza usingizini.

3. Fizio_Moshi

Seremala, ninafurahi kwamba ulitembea, lakini sikubaliani na maelezo yako. Kazi yangu ni mazoezi tiba, na kila wiki ninakutana na mgonjwa anayeamini kwamba diski huteleza kama sabuni na kwamba kuna mtu wa kuisukuma irudi. Diski haitelezi. Tunazo 23 katika uti wa mgongo, na kila moja imeshikamana na pingili ya juu yake na ya chini yake kwa nguvu sana. Ukuta wake wa nje una tabaka 15 hadi 25 za nyuzi zilizopishana mithili ya ukili uliosukwa kwa mkeka, na ndani yake kuna kiini laini chenye maji mengi, kinachofanana zaidi na nyama ya dafu changa kuliko na mfupa. Ukili ukichanika, kiini hupenya kwenye ufa. Kukirudisha kwa kidole gumba, tena kupitia ngozi, misuli na mfupa, ni sawa na kurudisha dawa ya meno ndani ya tyubu yake kwa kuibonyeza kutoka chumba cha pili. Mlio wa "ko!" hutokana na gesi katika maji ya viungo vidogo vya nyuma ya pingili, na ni uleule wa kuvunja vidole.

Sasa nimjibu mleta mada. Kuna diski iliyotuna tu pande zote, kuna iliyochomoza upande mmoja huku ukuta ukiwa bado unaizuia, kuna ambayo kiini chake kimepasua ukuta na kutoka nje, na kuna ambayo kipande chake kimekatika kabisa na kukaa peke yake ndani ya mfereji. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kadiri hali inavyoonekana mbaya kwenye picha, ndivyo uwezekano wa kupungua yenyewe unavyokuwa mkubwa. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2015, uliokusanya tafiti nyingi za wagonjwa ambao hawakupasuliwa, ulionyesha kupungua kwa asilimia 96 ya vipande vilivyokatika, 70 ya viini vilivyotoka, 41 ya vilivyochomoza, na 13 tu ya diski zilizotuna. Kwa maelezo yako, ulimi ulioshuka nyuma ya pingili ni kiini kilichotoka, na pengine kilikuwa kimekatika.

4. Mama_Watatu

Ahsante Fizio. Lakini mimi kisa changu ni kinyume. Sina maumivu kwa miaka miwili sasa, ninachota maji, ninabeba mjukuu, na picha niliyopigwa mwaka huu kwa sababu ya ajali ndogo ya bajaji inaonyesha kwamba ile diski imechomoza zaidi ya zamani. Daktari alinitazama, akatazama picha, akanitazama tena, akauliza kama ni ya kwangu. Naomba mnieleze na hilo.

5. Msoma_Picha

Kabla ya kumjibu dada hapo juu, nimrekebishe Fizio_Moshi kidogo. Zile asilimia ni za *kupungua*. Waliotoweka kabisa, katika uchambuzi huohuo, walikuwa asilimia 43 ya vipande vilivyokatika na 15 ya viini vilivyotoka. Kwa hiyo Mpima_Ardhi ni mmoja wa wachache wenye bahati, au basi picha zake mbili hazilinganishwi ipasavyo. Ninashinda mbele ya picha hizi. MRI hukata mgongo kwa vipande vyenye unene wa milimita tatu hadi tano, na mgonjwa akilala tofauti kidogo, au mashine ikiwa nyingine, ulimi mwembamba unaweza kuangukia kati ya kipande na kipande. Waliosoma picha zako ni mtu mmoja?

Dada Mama_Watatu, kisa chako wala si cha ajabu. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo waliopigwa MRI, na zaidi ya nusu yao walikuwa na angalau diski moja iliyotuna, na asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza. Lakini viini vilivyotoka kabisa vilikuwa asilimia 1 tu, ndiyo maana nikiona kimoja huwa sikipuuzi.

6. Mpima_Ardhi

Waliosoma ni watu wawili tofauti, mashine mbili tofauti, na mikoa miwili tofauti. Hata hivyo mstari mweupe niliuona kwa macho yangu umenyooka katika kila kipande. Mimi ni mpima, ninajua tofauti ya kosa la kipimo na mlima uliokuwapo ukawa haupo.

7. Chumba_cha_Maabara

Mlima huo umeliwa, na sisemi hivyo kwa utani. Diski ya mtu mzima ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini kisichokuwa na mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye pingili, kama maji yanavyopenya kwenye mtungi, na kwa sababu hiyo kiini chake huishi kimefichika, mbali na askari wa kinga ya mwili. Siku ukuta unapopasuka na kiini kikatokeza mahali palipo na mishipa ya damu, askari hao wanakutana na kitu wasichokitambua. Mishipa midogo mipya huchipua kuzunguka kipande, chembe walaji ziitwazo makrofaji huingia, na vimeng'enya huanza kukatakata kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazokishikilia, na kile kinachoshika maji. Madaktari walipovichunguza kwa hadubini vipande vilivyotolewa kwa upasuaji, walizikuta chembe hizo zikiwa kazini.

Hiyo pia ndiyo sababu ya mpangilio aliouonyesha Fizio_Moshi. Diski iliyotuna tu bado iko nyuma ya ukuta wake, haijafikiwa na damu, kwa hiyo hakuna wa kuila. Kipande kilichokatika kimezungukwa pande zote.

8. Fizio_Moshi

Ninakubali marekebisho ya Msoma_Picha kuhusu kupungua na kutoweka, nilipaswa kulisema wazi. Lakini kwako Chumba_cha_Maabara, usiuvishe ulaji taji lote. Kiini kimejaa maji, na kikishatoka hukauka na kusinyaa, kama embe lililoachwa juani. Wapo wanaoamini pia kwamba kile kilichochomoza, maadamu hakijakatika, kinaweza kuvutwa nyuma ukuta unapopoa. Hayo mawili hayahitaji mlaji yeyote.

9. Seremala_Keko

"Kuvutwa nyuma." Yaani kurudi mahali pake. Niliandika nini katika bandiko la 2?

10. Fizio_Moshi

Nilisema kuvutwa, sikusema kusukumwa na kidole gumba cha mzee wa Bagamoyo.

11. Mzee_Bandarini

Vijana, mmesahau papai. Akina mama wa pwani, nyama ya ng'ombe mzee huipaka papai bichi kabla ya kuipika, nayo hulainika. Basi kimeng'enya cha papai kiliwahi kuwa dawa ya diski. Mwaka 1956 mtafiti Lewis Thomas aliandika kwamba aliwadunga sungura papaini na masikio yao yaliyosimama yakalegea na kuning'inia, kwa sababu gegedu lililoyashikilia lilikuwa limepoteza ugumu. Baadaye daktari mmoja wa mifupa wa Marekani, Lyman Smith, akafikiri: kama inalegeza sikio la sungura, italegeza na kiini cha diski? Mwaka 1964 alichapisha taarifa ya kuwadunga wagonjwa kimeng'enya kingine cha papai, kimopapaini, ndani ya diski. Mwaka 1982 kikaidhinishwa rasmi Marekani. Kiliwasaidia wengi, lakini wachache walipatwa na mzio mkali wa kuua, na wachache zaidi wakapooza, na hatimaye soko lake likafa. Mwaka 2018 Japani waliidhinisha kimeng'enya cha aina nyingine kwa kazi hiyohiyo, kinachotokana na bakteria.

Mimi mgongo wangu niliumaliza kwa kubeba magunia ya karafuu ujanani, na sikudungwa papai. Nililila tu.

12. Seremala_Keko

Shikamoo mzee wangu. Kesho ninanunua mapapai matatu.

13. Chumba_cha_Maabara

Marahaba kwa niaba ya mzee. Papai linaloliwa huishia tumboni, Seremala, na tumbo litalimeng'enya lenyewe kabla halijamwona mtu yeyote mgongoni. Lakini nimefurahi kwamba sungura wametajwa, maana wapo sungura wengine wanaohusika na swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kama uvimbe wa kinga ndio unaokula kipande, je, dawa za kuzuia uvimbe haziicheleweshi kazi hiyo? Mwaka 1998 watafiti wa Japani waliwawekea sungura vipande vya diski karibu na uti, kisha wakawadunga baadhi yao steroidi, na kwa wale waliodungwa vipande vilichelewa kuyeyuka.

14. Dereva_Tunduma

Hilo limenishtua. Nilidungwa steroidi mgongoni mara mbili, na ndiyo iliyoniwezesha kurudi kwenye usukani. Sasa niambiwe kwamba nilijichelewesha?

15. Msoma_Picha

Usishtuke. Sungura si dereva wa lori, na kupungua kwa kipande si sawa na kupungua kwa maumivu. Maumivu ya neva hayatokani na kubanwa peke yake, kwani neva yenye afya ikibanwa hufa ganzi zaidi kuliko kuuma, na inayowaka moto ni ile iliyobanwa *na* kuvimba. Sindano hutuliza uvimbe, mgonjwa anapata majuma kadhaa ya kulala na kutembea, na kipande kinaendelea na safari yake. Wapo wenzangu wanaofikiri kwamba sindano hupoteza muda, na wapo wanaowapeleka wagonjwa wao wote. Mimi sina upande.

16. Mswahili_Rotterdam

Ninaandika kutoka Uholanzi, nilikopasuliwa, na huku suala hili lilichunguzwa kwa kina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwagawa kwa kura wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa majuma 6 hadi 12. Nusu walipangiwa upasuaji wa mapema, nusu walipangiwa kusubiri huku wakitibiwa, na upasuaji ukiwa akiba. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya kila kundi walijiona wamepona. Lakini msisome nusu ya habari, kwa sababu katika kundi la kusubiri asilimia 39 waliishia kupasuliwa.

Mimi nilikuwa katika hali ya hao 39. Nilisubiri miezi minne, nikilala nusu saa nusu saa, nikipiga mswaki kwa kuegemea ukuta, na niliposhindwa kunyanyua ncha ya mguu nikakubali. Niliamka kutoka kwenye usingizi wa dawa na moto wa mguuni ukawa umezimika, kama mtu aliyezima swichi. Sijui kama kipande changu kingeliwa mwezi wa tano.

17. Mpima_Ardhi

Ahsanteni. Swali langu la pili bado linaelea: ganzi.

18. Fizio_Moshi

Diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano, ikitokeza nyuma, kwa kawaida huigusa neva inayoshuka hadi juu ya unyayo na kidole gumba, na ndiyo sababu kandambili inakutoroka. Neva iliyominywa muda mrefu inaweza kuwa imepoteza baadhi ya nyuzi zake ndefu, na nyuzi hizo hukua kwa takriban milimita moja kwa siku. Pima umbali kutoka kiunoni hadi kidoleni, ugawe. Wewe ni mpima, sihitaji kukufanyia hesabu.

19. Mpima_Ardhi

Mita moja na sentimita tano. Siku 1,050. Karibu miaka mitatu.

20. Msoma_Picha

Hesabu ni sahihi, lakini msiihesabu kama ahadi, kwa maana nyuzi nyingine hazifiki na nyingine hazikuwa zimekatika bali zimelala tu, na hizo huamka mapema zaidi. Maumivu hutangulia kupona, nguvu hufuata, ganzi huja mwisho, na kwa wengine haiji.

21. Dereva_Tunduma

Ninachotaka kujua mimi ni kilichoanzisha haya. Sisi madereva tunaambiwa ni kiti na mtikisiko. Mleta mada analaumu saruji.

22. Chumba_cha_Maabara

Saruji ilikuwa tone la mwisho kwenye ndoo iliyojaa. Kule Finland kuna utafiti wa miaka mingi wa mapacha, ambao uliwalinganisha ndugu waliofanya kazi tofauti, mmoja akiendesha gari maisha yake yote na mwingine haendeshi, na diski zao zilifanana kuliko watu walivyotarajia. Urithi wa wazazi ulieleza uchakavu wa diski kuliko kazi ngumu ilivyoeleza. Na wanaanga, ambao huko juu hawabebi uzito wowote, hurudi duniani na hatari kubwa zaidi ya kupasuka diski, na wapo wanaodhani ni kwa sababu diski isiyokandamizwa hunywa maji ikavimba kupita kiasi.

23. Dereva_Tunduma

Kwa hiyo nimlaumu marehemu babu. Lakini mkuu, utafiti huo ulihusu *uchakavu*, nawe umeujibia *kupasuka*. Diski iliyochakaa na diski iliyopasuka ni kitu kimoja? Wengi waliochakaa hawajapasuka, kama alivyosema Msoma_Picha katika bandiko la 5. Nikiwa kwenye barabara ya vumbi, mguu huwaka, na nikishuka hupoa. Babu hayumo ndani ya gari.

24. Chumba_cha_Maabara

Umenipata hapo. Si kitu kimoja.

25. Muuguzi_Dodoma

Naomba niingie kwa jambo ambalo halijaguswa. Huku kwetu si kila mgongo unaoshuka mguuni ni diski. Nimewauguza wagonjwa waliokandwa miezi kadhaa kwa "diski", kumbe ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, na mwingine ilikuwa saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye pingili. Kifua kikuu hicho hakihitaji kukohoa. Kinachotutahadharisha ni homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, na maumivu yasiyopoa hata mtu akilala. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi tunafikiria pia brusela.

Na kwa diski yenyewe, mtu akishindwa kukojoa au mkojo ukimtoka bila kujua, au akifa ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili ikilegea, asisubiri chembe walaji wala papai. Aende hospitali usiku huohuo, kwa sababu kundi la neva za mwisho likibanwa, kila saa inahesabika.

26. Seremala_Keko

Nimekuelewa Muuguzi, na hapo sitanii. Nitamwambia na yule mzee. Ni mtu msikivu, ukimwendea kwa adabu.

27. Mama_Watatu

Ninarudi na shida mpya. Mpwa wangu wa miaka 31, fundi wa kuchomelea, ameambiwa ana kiini kilichotoka kati ya pingili ya tano ya kiuno na mfupa ulio chini yake. Ana majuma matatu. Maumivu anasema yamepungua sana tangu juzi, na amepangiwa upasuaji Alhamisi. Nilipousoma uzi huu nikamwambia asubiri, kwa kuwa maumivu yanapoa.

28. Fizio_Moshi

Dada, kabla hajasubiri, afanye jambo moja. Asimame kwa mguu unaouma, ashike ukuta kwa vidole viwili tu, anyanyue kisigino mara kumi. Kisha afanye kwa mguu mzima. Maumivu yakipungua huku nguvu nayo ikipungua, hiyo haitwi nafuu.

29. Mama_Watatu

Amefanya hapa jikoni nikiwa ninamtazama. Mguu mzima kumi bila shida. Mguu unaouma mara mbili, ya tatu kisigino kikatetemeka kikarudi chini. Mwenyewe hakuwa amegundua, alidhani ni kiatu.

30. Muuguzi_Dodoma

Asingoje Alhamisi ndipo aonane na daktari. Arudi leo, apimwe nguvu na mkojo, aeleze hilo la kisigino kwa maneno hayohayo uliyoyaandika, na achukue picha zake mkononi.

31. Mama_Watatu

Tumeshatoka, tuko kwenye daladala.